Ufunguo wa Behewa la Kilangila

Hapo zamani, wala si zamani ile ya wanyama kusema, bali zamani ambayo baadhi yenu mlikuwa mmeshaota meno, palikuwa na mji mdogo wa reli uitwao Kilangila. Ulikuwa na stesheni, karakana, msikiti, kanisa, soko la siku mbili kwa wiki, na nyumba za reli zilizopangwa mstari mmoja. Katika mji huo walikaa watu watatu na behewa moja. Naanza na behewa, kwa sababu ndilo lililowagombanisha.

Lilikuwa behewa la daraja la kwanza, la mbao za msaji. Ndani lilikuwa na vyumba vya kulala, vitanda vya kukunja, taa za shaba ya manjano, na mwisho kabisa chumba kidogo cha mhudumu chenye kitanda kimoja na dirisha moja. Kikumbukeni hicho chumba kidogo. Mlango wa behewa ulifunguliwa kwa ufunguo mmoja wa pembe nne, mzito kama kidole gumba cha mtu mnene, na wa pili haukuwahi kuwapo.

Mtu wa kwanza ni Yeremia Chilongani, Mgogo, nyapara wa maseremala katika karakana. Siku moja mkubwa wake alimwita.

"Yeremia, nataka mabehewa kumi ya kukatwa. Yapigie msalaba mwekundu."

Yeremia akazunguka na nyundo yake, akagonga sakafu, akagonga nguzo, akapenya chini akagonga mihimili. Akarudi.

"Mkubwa, mabovu ni tisa."

"Nimeshaandika kumi."

"La kumi halipo."

"Litafute."

Yeremia akachovya brashi. Akapiga misalaba tisa kwenye mabehewa mabovu, na wa kumi akaupiga kwenye behewa la daraja la kwanza, ambalo halikuwa na ubao hata mmoja uliooza. Alijua. Nasema alijua, na yeye mwenyewe hakuwahi kukana. Mwezi uliofuata mkubwa yule alihamishwa kwenda kwingine, msalaba ukabaki.

Mabehewa kumi yakasukumwa kwenye njia ya pembeni, kwenye majani, yakangoja watu wa vyuma chakavu.

Mtu wa pili ni Sefu Pazi, Mzaramo, mhudumu wa behewa hilo kwa miaka kumi na minne. Yeye ndiye aliyetandika vitanda. Yeye ndiye aliyeamsha abiria kabla ya stesheni zao, kwa kugonga mlango mara mbili, si tatu. Ufunguo wa pembe nne ulikaa shingoni mwake kwa kamba. Behewa lilipopigwa msalaba, Sefu alikwenda kule kwenye majani mchana kweupe na bisibisi. Akafungua taa zote nane. Akafungua ndoano za kutundikia makoti, vitasa, na bamba la namba. Akatia vyote kwenye gunia, akapeleka nyumbani, akasukumia chini ya kitanda. Na ufunguo akaenda nao.

Alitaka kuuza. Msimsingizie wema ambao hakuwa nao siku ile.

Mtu wa tatu ni Nyamizi, Mnyamwezi, mke wa mtu wa gengi, wale wanaobadilisha mataruma yanayobeba reli juani. Mumewe alikufa kwa homa ya siku nne. Nyumba ya reli ni ya mfanyakazi, na mfanyakazi akifa nyumba hurudi. Wakampa siku thelathini. Siku ya thelathini na moja Nyamizi alijitwika godoro, akamshika mwanawe Masele mkono na bintiye Kabula akamfunga mgongoni, akatembea hadi kwenye majani. Wakati huo ilikuwa imeshapita miaka miwili tangu misalaba ile ipigwe. Mabehewa tisa yalikuwa yameshakatwa, limebaki moja. Mlango haukuwa na kitasa. Akausukuma kwa bega, akaingia, akafagia.

Watu wa vyuma chakavu walirudi na mitungi yao ya gesi. Wakamkuta ameketi kwenye ngazi anachambua mchele.

"Mama, tumekuja kukata."

"Kateni."

"Basi toka."

"Sikusema nitatoka. Nimesema kateni. Anzeni na hapa nilipokaa, nyama laini, mtazoea."

Wakaondoka. Mwaka uliofuata walirudi, wakamkuta kwenye ngazi ileile. Walikuja mara tano, mara tano walimkuta. Miaka kumi na tisa Nyamizi alikaa mle. Paa lilipotoboka aliziba kwa lami. Mbao zilipokauka alizipaka mafuta ya nazi, watu wakimcheka kwamba anapaka behewa mafuta naye mwenyewe visigino vimepasuka. Masele alikulia mle akaenda mjini, Kabula alikulia mle akaolewa hukohuko Kilangila.

Lakini masika ya kwanza alifanya jambo. Mvua ilinyesha wiki tano mfululizo, kuni zikaoza, watoto wakalala na uji mbichi. Nyamizi akachukua shoka. Akavunja kitanda kimoja cha msaji, akapikia. Kikaisha, akavunja cha pili. Jua likatoka. Kama lisingetoka angevunja cha tatu, na hilo alilisema mwenyewe bila kuulizwa.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mambo yanapokutana.

Reli mpya ilipojengwa haikupita Kilangila, ilipita mbali. Stesheni ikawa kimya. Watu wakaona mji wao utafutika, wakaunda kamati, mwenyekiti wake akawa stesheni masta wa mwisho, Bi Leokadia Ndimbo, mama mfupi mwenye filimbi mfukoni. Kamati ikasema: tulitengeneze lile behewa, tuliweke mbele ya stesheni, watu waje walione, mji wetu uwe na cha kuonyesha.

Bi Leokadia akamwendea Nyamizi.

"Dada, itabidi utoke ili mafundi waingie."

"Na wakimaliza?"

"Wakimaliza tutaona."

"Stesheni masta, tutaona si neno la mtu kulalia."

Lakini alitoka. Akaenda kukaa jikoni kwa bintiye Kabula, kwa sababu nyumba ya mkwe ilikuwa na vyumba viwili na watu saba. Mnajua aibu ya mama kulala jikoni kwa mkwe? Mkwe hawezi kuingia jikoni kunywa maji kwake mwenyewe. Kila mtu ndani ya nyumba ile alikuwa anatembea kwa pembeni.

Na fundi alitoka wapi? Fundi alikuja mwenyewe. Yeremia Chilongani, sasa mzee, mgongo umepinda, alikwenda mbele ya kamati akasema, "Msitafute fundi. Msalaba niliupiga mimi. Nitaufuta mimi." Akaenda kuchukua nyundo yake. Akafanya kazi miaka mitatu.

Alilibomoa behewa lote kwanza. Kila ubao alioutoa aliuandika namba kwa chaki: ukuta gani, safu gani, wa ngapi. Kwa chaki tu. Katika karakana ile palikuwa na mwiko: seremala akibomoa ili ajenge tena, haandiki kwa penseli wala msumari. Alama inayobaki kwenye ubao baada ya kazi ni sawa na fundi kusahau kandambili zake sebuleni kwa mtu. Basi Yeremia akaandika mbao mia nne na zaidi kwa chaki, akazipanga kwenye ghala la mizigo, akaenda kwao Dodoma kwenye msiba wa mpwa wake. Siku nne.

Siku ya kwanza tu, Nyamizi alipita ghalani. Akaona mbao zake, zile alizozipaka mafuta miaka yote, zimejaa vumbi na michoro myeupe. Moyo ukamuuma. Akaleta sabuni ya mche, dodoki na ndoo. Akasugua ubao mmoja mmoja, siku tatu. Akazianika, akazipanga vizuri kwa urefu, ndefu na ndefu, fupi na fupi.

Yeremia akarudi.

"Nani ameingia humu?"

"Mimi. Umeziacha chafu utadhani za jukwaa la kampeni."

Yeremia akashika ubao wa kwanza, akaugeuza. Akashika wa pili. Wa tano. Akakaa chini kwenye sakafu.

"Nyamizi, hukuziona namba?"

"Nimeziona. Nikadhani umefanya hesabu zako. Wanaume mnaandika hesabu popote, hata kwenye mlango wa choo."

Yeremia alitoa maneno ambayo sitayarudia. Alisema mpaka sauti ikakauka, na Nyamizi alimngoja mpaka ikakauka. Kisha yule mzee akainua ubao mmoja, si kwa matumaini, kwa hasira tu.

"Haya, huu unakaa wapi, bibi msafi?"

Nyamizi akautazama. "Dirisha la tatu, upande wa kisima, chini. Hayo makwaruzo ni ya Masele, alikuwa na surua, akikwaruza kwa kijiko."

Yeremia akautua ule ubao. Akachukua mwingine.

"Na huu?"

"Juu ya kichwa changu. Miaka kumi na tisa nimeutazama kila nikiamka, nisiujue?"

"Huu?"

"Huo jirani yake. Wote wawili wana doa la moshi, kipande kimoja cha doa huku, kingine huko. Viunganishe."

Yeremia akatoa chaki mfukoni. Wakaanza upya. Wiki tatu walikaa ghalani, yeye anainua, mama anasema, yeye anaandika. Mama akiona doa la mafuta anajua ni karibu na jiko. Akiona msumari anajua nani alitundika nini. Sehemu moja tu ilimshinda.

"Na hizi?"

"Hizo sizijui."

"Vipi huzijui? Umekaa humo maisha."

"Ni za dari la choo. Wewe chooni kwako huwa unatazama juu?"

Dari la choo Yeremia alibahatisha, na mpaka leo linalia upepo ukivuma. Kuta zote nyingine zilikaa mahali pake.

Zikabaki nafasi mbili tupu.

"Vitanda viwili havipo hapa. Viko wapi?"

"Nilipikia."

"Ulipikia msaji?"

"Na ulikuwa unawaka vizuri."

Msaji mkavu wa namna ile haukupatikana tena mji mzima. Lakini seremala wa zamani, hasa wa Kilangila, alikuwa na desturi yake: akifika umri fulani hutafuta mbao za mninga, huzianika darini kwake miaka na miaka, zimngoje. Mbao za jeneza lake. Asizikwe kwa mbao mbichi zilizopigwa misumari haraka na wanafunzi wake. Za Yeremia zilikuwa darini mwaka wa kumi na mmoja. Akapanda, akazishusha.

Mkewe akasimama mlangoni. "Baba Mwaluko, na wewe tutakuzika na nini?"

"Na mkeka."

"Mkeka ni wa akina Sefu. Mchungaji atasema nini?"

"Mchungaji atakuwa anaongea na maiti. Ataweza kusema lolote."

Akatengeneza vitanda viwili vya mninga, akavipiga randa na msasa mpaka ukipitisha kiganja huoni tofauti na msaji. Behewa likasimama. Lakini lilikuwa behewa la mbao tupu: pa kushika hapana, pa kutundika hapana, taa hakuna. Kamati ikakutana pale kwenye jukwaa la stesheni, Jumapili alasiri, kuamua. Mmoja akasema wanunue ndoano za plastiki. Mwingine akasema taa za bati zipo sokoni. Yeremia alikuwa amekaa amefumba macho, kama mtu anayeng'olewa jino.

Ndipo Sefu Pazi akaja, anasukuma baiskeli, gunia limefungwa nyuma.

Lazima niwaambie Sefu alikuwa nani siku hizo. Alikuwa mtu wa amana. Ukisafiri, unaacha kwa Sefu. Cherehani, redio, mahari iliyongoja siku yake, vyeti vya shule, vyote vilikuwa kwa Sefu. Hakuwa na mali wala cheo. Jina lake ndilo lilikuwa mali.

Akafungua gunia. Akapanga vitu sakafuni, taa nane, ndoano, vitasa, bamba la namba. Vyote vimesuguliwa. Mwisho akavua kamba shingoni, akaweka ufunguo wa pembe nne.

"Vitu vya behewa," akasema. "Niliiba mimi."

Mmoja wa kamati akamhurumia. "Mzee Sefu, sema ulivihifadhi."

"Kuhifadhi ni pale mwenye mali anapojua. Mimi niliiba. Nilimpelekea mnunuzi, akainua nyundo aivunje taa iingie vizuri kwenye mfuko wake. Nikashindwa kutazama. Nikavirudisha chini ya kitanda, miaka ishirini na minne."

"Kwa nini hukuvirudisha?" Bi Leokadia akauliza.

"Kwanza sikuwa na wa kumrudishia, behewa lilikuwa la kukatwa. Baadaye akaingia Nyamizi. Ningempa, angejua mimi ni mwizi. Niliona haya."

Nyamizi alikuwa amesimama nyuma. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na utani haungoji ruhusa. "Mzaramo wewe," akasema, "miaka yote nasoma barua za mwanangu kwa kibatari, macho yananitoka machozi, kumbe wewe umelalia taa zangu. Ukifa nitakuja matangani kwako nile pilau yote, wenyeji wakose." Watu wakacheka. Yeye akawageukia. "Nacheka mimi, mtani wake. Wewe unacheka kama nani?"

Alasiri ileile watu walianza kwenda kwa Sefu. Wa kwanza alikwenda kumuuliza hali ya goti lake, akaondoka na cherehani. Wa pili alisema amekumbuka tu, akaondoka na redio. Wa tatu hakusema kitu. Kufikia magharibi chumba cha Sefu kilikuwa kitupu, na hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana.

Basi, vitu vikafungwa. Behewa likavutwa mbele ya stesheni, kwenye vipande viwili vya reli, likameremeta. Mji ukaalikwa. Shule mbili zikaja kutoka mbali, watoto wakapangwa mstari wangoje mlango ufunguliwe.

Na mlango ulikuwa umefungwa. Bi Leokadia akasimama kwenye ngazi, ufunguo mkononi, akapuliza filimbi.

"Kamati imekubaliana hivi. Behewa litakuwa na mtunzaji mmoja. Atalifungua asubuhi, atalifunga jioni, atakaa kwenye chumba cha mhudumu mpaka afe. Ufunguo mmoja, mkono mmoja. Ufunguo wa watu watatu siku ukitafutwa huwa haupo kwa yeyote. Wanaoutaka wajitokeze."

Wakajitokeza watatu. Mnawajua.

Yeremia akaanza, kwa sababu alizoea kuanza.

"Bila mimi hili ni rundo la mbao ghalani. Nimelibomoa kwa mikono hii, nimelijenga kwa mikono hii, miaka mitatu. Humo ndani kuna mbao za jeneza langu. Sitaki kingine. Nataka kukaa karibu nazo nihakikishe hakuna anayezikalia na mikono yenye mafuta. Na lile kosa langu mnalijua. Nilipiga msalaba kwenye kitu kizima. Nipeni nafasi nilinde nilichokihukumu."

"Bila mimi," akasema Nyamizi, "hakuna hilo rundo la mbao. Mngekuwa mnawaonyesha watoto hawa majani. Nilikaa kwenye ngazi hii mara tano. Yeremia alipopoteza hesabu zake..."

"Nani alipoteza?"

"Haya, nilipoziosha. Nilizirudisha kutoka kichwani. Kila ubao humo ninaujua kwa jina. Yeremia ana nyumba. Sefu ana nyumba. Mimi niko jikoni kwa mkwe wangu, na mkwe wangu ana kiu. Lile ni kwangu. Mlinitoa, mkasema tutaona. Nimekuja kuona."

Sefu akangoja kunyamaze.

"Bila mimi hamna mlango wa kufungua, kwa sababu ufunguo ulikuwa shingoni mwangu. Mngetundika plastiki. Watoto hawa wangetazama kibanda cha mbao, wakarudi kwao. Mimi nilikuwa mhudumu humu miaka kumi na minne, hakuna abiria aliyepoteza hata kitana. Ningeweza kunyamaza nife na jina langu. Nilisema. Sasa sina amana hata ya kijiko. Mkinipa ufunguo huu, mji utakuwa umesema Sefu anaaminika. Msiponipa, mtakuwa mmesema mtu akikosa ni heri afiche."

Watu wakanong'ona. Bi Leokadia akasema, "Nimesikia mazuri. Sasa kila mmoja aseme kwa nini asiwe mwenzake."

"Yeyote, asiwe Sefu," Yeremia akasema. "Sina ubaya naye. Lakini huwezi kumpa fisi ulinzi wa bucha kwa sababu alirudisha mfupa. Na Nyamizi atapika humo."

"Nitapika," Nyamizi akasema. "Nyumba isiyopikwa ni kaburi."

"Mnasikia? Vitanda vyangu vya mninga, na yeye ana shoka."

"Yeyote, asiwe Yeremia," Sefu akasema. "Mimi niliiba vitu, yeye alisaini uongo. Mkubwa alisema litafute, akalitafuta. Kesho atakuja mkubwa mwingine, atasema ondoeni behewa hili tunajenga maduka. Yeremia atachovya brashi. Nyamizi asingechovya, hilo nalikubali. Ila Nyamizi ataona watu wanaingia kwake bila kubisha hodi. Siku ya tatu atawafukuza."

"Siku ya pili," Nyamizi akasema. "Kama hawajavua viatu."

Watu wakacheka, Bi Leokadia hakucheka. "Na wewe, Nyamizi, unamkataa nani?"

"Ninyi mnazungumzia nani alikosea nini. Mimi pia nilikosea, nilichoma vitanda, na watoto wangu wakaishi. Simkatai mtani wangu kwa wizi, wala Mgogo huyu kwa msalaba. Nawakataa kwa jambo moja. Leo jioni mtu akiwaambia behewa si lenu, ninyi wawili mtakwenda nyumbani. Mimi nitakwenda wapi?"

Yeremia akatazama viatu vyake. Sefu akasema polepole, "Mtani, nyumba yangu ina chumba kitupu sasa. Wameshachukua vyote. Njoo ukae, bure. Ufunguo niachie."

"Nikae kwa mwanamume nikiwa mjane, Kilangila hii? Utakuwa umeniibia na mimi jina."

"Basi kaa kwangu," Yeremia akasema, "na mke wangu yupo."

"Jikoni?"

Nyumba ya Yeremia nayo haikuwa na nafasi nyingine.

Mtu mmoja kwenye umati akapaza sauti, "Wapeni wote kwa zamu." Bi Leokadia akamtazama mtu huyo mpaka akarudi nyuma ya mwenzake. "Chumba kina kitanda kimoja," akasema. "Wewe ungelala na nani kati yao?"

Mwingine akasema zipigwe kura za vijiti. Hapo Yeremia, Nyamizi na Sefu walikataa kwa pamoja, ndilo jambo pekee walilokubaliana siku ile. Hawakutaka kupewa kwa bahati. Walitaka kupewa kwa haki.

Jua lilikuwa juu. Watoto wa shule walikuwa wanahama mguu mmoja hadi mwingine, mwalimu wao anawapepea kwa daftari. Mzee alisimama upande wa kulia wa ngazi, mkono wake una makovu ya tindo. Mwingine alisimama kushoto, shingoni ana mstari mweupe pale kamba ilipokaa. Katikati alisimama yule mama, na mkwe wake alikuwa kwenye umati akitazama pembeni. Bi Leokadia akautoa ufunguo mbele, kiganja wazi, akawageukia watu wa Kilangila akasema, "Mimi ni wa kupuliza filimbi tu. Mji ni wenu. Semeni."

Na mimi nawageukia ninyi mliokaa hapa. Sitaki kusikia wote watatu, hilo ni jibu la mtu anayeogopa majirani. Sitaki kusikia kamati ingejenga nyumba nyingine, haikujenga. Aliyelihukumu akalijenga kwa mbao za kaburi lake, aliyelichoma akalilinda kwa mwili wake, au aliyeliibia akalirudishia kwa jina lake. Watoto wanangoja mlangoni. Je, ufunguo mngemkabidhi nani, na wale wawili mngewatazamaje usoni?